Nyama ya kopo si aibu ya mwenye nyumba

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na naomba usinipunguzie maneno, maana jambo hili limenikaa kifuani tangu wiki iliyopita.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesomesha upishi na ushoni katika skuli za Pemba kwa miaka 28, na nakaa Limbani, Wete. Wiki iliyopita mwanangu alifikiwa na wageni kutoka Unguja, jamaa wa upande wa marehemu mume wangu. Boti ilichelewa kwa upepo wa kusi, wakashuka Mkoani alasiri, na walipofika Wete jua lilikuwa linakuchwa. Nani asiyeijua Pemba wakati wa kusi? Dikoni hakuna kitu, ngalawa zimelala mchangani, na nyama ya bucha huwa imekwisha tangu asubuhi. Mkaza mwanangu alikuwa na mchele, nazi mbili, tungule, vitunguu, na makopo mawili ya nyama kabatini. Akapika. Akapika vizuri, na hili nalisema mimi niliyeonja vyungu vya wanafunzi karibu miaka thelathini: wali wa nazi uliochambuka punje kwa punje, nyama iliyokaangwa ikashika rangi, kachumbari ya ndimu, na ndizi mbivu za nazi.

Mmoja wa wageni, mwanamke wa rika langu, alifunua kawa, akatazama, akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Kumbe tumevuka bahari kuja kula vya makopo." Mwenzake akaongeza kuwa hicho ni chakula cha mabaharia na wachumaji karafuu. Wakamega tonge mbili tatu, wakasogeza sinia. Usiku ule mkaza mwanangu aliosha vyombo huku machozi yanamtoka. Nilipoingia jikoni akaniambia, "Mama, nimewaaibisha."

Nilimjibu pale pale kuwa hakumwaibisha mtu. Lakini naona jibu langu halikutosha, kwa sababu maneno kama yale nimeyasikia mara nyingi, harusini, mazikoni, hata kwa walimu wenzangu, na wanaoumia siku zote ni wanawake vijana waliojitahidi na kidogo walichonacho. Ndiyo nikaamua kuandika.

Chakula cha mabaharia na wachumaji karafuu, walisema. Mimi ni mtoto wa mchumaji karafuu na mjane wa baharia.

Nilipokuwa mdogo, msimu ukifika tulihamia kambini Mtambwe. Baba na kaka zangu walipanda mikarafuu tangu alfajiri. Jioni sisi na mama tulikaa kitako juu ya mkeka kuchambua, karafuu huku, makonyo huku, mpaka vidole vikawa vyeusi na harufu ikaingia kwenye nywele. Kambini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kwenda kutafuta kitoweo. Mama alichemsha muhogo, akakuna nazi, halafu akatoa kopo moja. Moja kwa watu tisa. Alianza kwa kukwangua yale mafuta meupe yaliyoganda pembeni, akayatia chunguni, yakiyeyuka anatia kitunguu, kitunguu kikigeuka rangi anatia ile nyama na kuiacha. Alituzuia tusishike mwiko. Harufu ile, na moshi wa kuni, na karafuu mbichi zilizoanikwa uwanjani, mpaka leo nikiisikia nyama ya kopo inakaangwa popote nilipo narudi Mtambwe. Kila mtu alipata kijiko kimoja kikubwa juu ya muhogo wake, na sikumbuki hata siku moja niliyolala nikiwa na njaa.

Kopo lenyewe halikutupwa. Kaka zangu walilitengeneza gari la kuburura kwa kamba, na lililopata tundu lilikwenda bandani kuwekewa misumari.

Ikaja miaka ya mwanzo ya 1970, mchele na unga tukavipangia foleni, na nyama ya kopo ikawa hadithi. Nakumbuka mama alikuwa na kopo moja tu, amelifunga kwenye kanga, chini ya kitanda, analiwekea mgonjwa au mgeni. Natia mkazo hapo: au mgeni. Katika nyumba ile kopo lilikuwa heshima ya mgeni, na lilipofunguliwa sisi watoto tulitolewa nje ili mgeni ale kwa nafasi. Sijui ni lini tulibadilisha hesabu hii. Nadhani ni baada ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, bidhaa za Dubai zikajaa Darajani na Mlandege, na kilichokuwa adimu kikawa kwenye kila duka. Kitu kikizoeleka, watu hukiona hakina thamani.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi katika meli za mizigo kwa miaka mingi. Kila akirudi alikuwa na makopo kwenye mfuko wake wa turubai, na kila kopo lilikuwa na habari yake. Aliwahi kutia nanga Montevideo, nchini Uruguay, na huko alisimuliwa juu ya mji uitwao Fray Bentos, kwenye ukingo wa Mto Uruguay, ambao jina lake lilizunguka dunia nzima likiwa limebandikwa kwenye makopo ya nyama. Wakati ule nilimsikiliza kama mke anavyomsikiliza mume aliyetoka safari. Baadaye, nilipokuwa natayarisha masomo, nilitafuta habari zile na nikakuta alisema kweli. Kampuni ya Liebig, iliyopewa jina la mwanakemia wa Kijerumani Justus von Liebig, ilianzishwa mwaka 1865. Ng'ombe wa nchi zile walikuwa wengi kuliko walaji, wakichinjwa kwa ajili ya ngozi tu, na nyama ikipotea. Kampuni ikaanza kuichemsha ile nyama na kutoa rojo zito jeusi la kutia kwenye supu. Mwaka 1873 ikaanza kutia nyama yenyewe kwenye makopo kwa chumvi. Askari wa Uingereza waliila katika vita vikuu vyote viwili. Kiwanda kilifungwa mwaka 1979.

Sasa sikilizeni hili, nyinyi mliosogeza sinia. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na sote tunajivunia. Mwaka 2015 kiwanda kile cha Fray Bentos, majengo yake, gati lake na nyumba za wafanyakazi wake, viliingizwa katika orodha ile ile. Dunia imekaa ikaona kuwa mahali palipopikwa nyama ya kopo panastahili kutunzwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Nyinyi mmeona haistahili kuwekwa mbele yenu juu ya mkeka wa Wete.

Wala si lazima twende Uruguay. Wa umri wangu wanakumbuka Tanganyika Packers, kiwanda cha Kawe, Dar es Salaam, kilichotia nyama ya ng'ombe wa bara kwenye makopo na kuiuza mpaka Uingereza. Kiwanda hakifanyi kazi tena. Jina limebaki kwenye viwanja, watu wanakwenda kwenye mikutano na kusema wako Tanganyika Packers bila ya kujua nini kilikuwa kikifanyika pale. Kwa hiyo tusiseme nyama ya kopo ni kitu cha kigeni tulicholetewa. Imetoka hata mikononi mwetu.

Na kuna jambo moja ambalo ndugu zangu wa Unguja hawapaswi kulisahau. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila ya umeme baada ya hitilafu kwenye njia ya kuuletea kutoka bara. Nilikuwako. Binti yangu alikuwa amejifungua, nikaenda Jang'ombe kumlea. Niliona watu wanatoa samaki kwenye mafriji na kugawa kwa majirani kabla hawajaoza, kisha friji zikawa makabati ya kutilia nguo. Nyama ikawa ya kununua na kupika siku hiyo hiyo, na siku usiyoweza kufika sokoni ulikula mboga. Mzazi anahitaji kitu cha kumtia nguvu. Mara mbili kwa wiki nilimpikia binti yangu nyama ya kopo kwa ndimu na pilipili manga, kwenye jiko la makaa, tukiangaziwa na mshumaa, na majirani walikuja kuniuliza nimepata wapi nyama jioni ile. Sikumsikia hata mmoja akisema ni chakula cha mabaharia.

Nakubali kuwa dharau hii ina sababu moja ya haki: wengi wetu tunaipika vibaya. Nimekula nyama ya kopo iliyopikwa ikawa kama uji wa chumvi, na aliyeionja mara ya kwanza namna hiyo simlaumu akiikimbia. Basi niruhusu, Mhariri, nifanye kazi yangu ya zamani kidogo.

Jambo la kwanza ambalo mpishi lazima alijue ni kuwa nyama hii imekwisha kupikwa. Imepikwa ikiwa tayari ndani ya kopo lililofungwa, kwa moto mkali, ndiyo maana inakaa miaka bila ya friji. Ukiichemsha tena unavunja nyuzi zake na kutoa chumvi yake yote kwenye maji. Pili, ina chumvi ya kutosha. Jina lake la Kiingereza lenyewe, "corned beef", ni la chumvi. Mwanafunzi mmoja aliwahi kusoma kwenye kopo akaniuliza, "Mwalimu, mahindi yako wapi?" Nikamweleza kuwa neno lile "corn", ambalo siku hizi wengi hulijua kwa mahindi, zamani kwa Waingereza lilikuwa na maana ya punje yoyote, na hapo inakusudiwa punje za chumvi, chumvi ya mawe, waliyokuwa wakiikandika kwenye nyama ili isioze. Kwa hiyo usitie chumvi. Usitie hata kwenye tungule zitakazokwenda nayo. Onja mwisho, na nina hakika hutaongeza.

Kulifungua kopo nako kuna adabu yake. Mmeona umbo lake, upande mmoja mpana na mmoja mwembamba. Umbo hilo liliandikishwa Chicago mwaka 1875, na maana yake ni kuwa ukifungua upande mpana nyama yote inateleza na kutoka nzima. Watu wanafungua upande mwembamba kisha wanachokoa kwa kisu mpaka wanajikata. Kama kopo lina ufunguo wake, ingiza kile kiulimi cha bati kwenye tundu la ufunguo na uzungushe taratibu, mkono usiyumbe, na ukanda ukishatoka uutupe mbali na watoto, maana una makali ya wembe. Ukitaka nyama ikatike vipande vizuri, litie kopo kabla ya kulifungua kwenye ndoo ya maji ya kisima kwa saa moja. Mafuta yanaganda na nyama inashikana.

Sasa upishi wa mkaza mwanangu, ambao ni upishi wa mama yangu uliopitia kwangu. Kwa kopo la gramu 340 chukua vitunguu maji viwili, tungule nne zilizoiva, punje tatu za kitunguu thomu, pilipili mbichi moja, uzile kijiko cha chai, pilipili manga nusu kijiko, karafuu moja, moja tu, iliyotwangwa ikawa unga, nusu ndimu, na kotmiri mkononi. Kwangua mafuta ya kopo uyatie kwenye kikaango cha chuma. Huna haja ya mafuta mengine. Kaanga kitunguu mpaka kigeuke rangi, kisha thomu na viungo kwa muda mfupi tu. Tia tungule na uzipike peke yake, zikauke, mpaka uone mafuta yanajitenga. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanatia nyama na tungule na maji kwa pamoja, na wanapata ule uji nilioutaja. Tungule zikishakauka, zitoe uziweke pembeni. Rudisha kikaango motoni kikiwa kikavu, tandaza nyama yako, ibonyeze kwa mwiko, na uiache. Usiivuruge. Baada ya dakika nne au tano upande wa chini utakuwa umeshika ukoko kama ukoko wa wali. Igeuze mapande mapande, iache tena. Ndipo urudishe tungule, uchanganye mara moja, ukamulie ndimu, utie kotmiri na utoe motoni. Ndimu ndiyo inayoifuta ile ladha ya bati ambayo wengine hawaipendi. Wakati wa maembe, chukua embe bichi badala ya ndimu, ulikatekate vipande vidogo uzipike nazo tungule. Hapo ndipo utamu wenyewe.

Kwa wali wa nazi, kopo moja linawatosha watu watano. Kwa shelisheli ni zaidi, na hakuna kilichoumbwa kikaendana na nyama ya kopo kama shelisheli la Pemba. Lichemshe kwa tui la pili mpaka lilainike, malizia kwa tui zito lichemke mara moja tu, usilifunike, na nyama iliyokaangwa uimwagie juu wakati wa kupakua. Isiingie ndani ya tui ikachemka. Nazi ni tamu na shelisheli ni poa, halina chumvi, na nyama ina chumvi na ukoko. Kila kimoja kinahitaji mwenzake.

Ramadhani ninaitia kwenye katlesi na sambusa. Katlesi ni rahisi, mbatata za kuchemsha na kupondwa bila chumvi, nyama katikati, yai, na mafuta ya moto. Sambusa zinataka uangalifu. Mafuta ya nyama ya kopo yanalainisha manda na sambusa zinapasuka kikaangoni, kwa hivyo nyama lazima ikaangwe kwanza mpaka itoe mafuta yote, iwekwe kwenye chungio, ipoe kabisa, ndipo utie kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo na kukamuliwa maji. Wanafunzi wangu waliokuwa na haraka walilia kwa jambo hili kila mwaka.

Asubuhi, kilichobaki usiku kitie ndani ya boflo pamoja na yai la kukaanga, mtoto aende nalo skuli. Lakini kilichobaki kikae kwenye bakuli, si ndani ya kopo. Kopo likishafunguliwa si chombo cha kuhifadhia tena. Na kama huna friji, kiliwe siku ile ile.

Nimesema mema yake. Sasa niseme tahadhari zake, maana sitaki mtu augue kwa sababu ya barua yangu. Kila mwaka niliwasomesha wanafunzi wangu kisa cha Aberdeen, mji wa Scotland. Mwaka 1964 zaidi ya watu 400 waliugua homa ya matumbo, na chanzo kilikuwa nyama ya kopo iliyotoka Argentina. Kiwandani makopo yakishapikwa yalipozwa kwa maji ya mto yasiyosafishwa. Kopo linapopoa huvuta ndani, na lenye tundu dogo hata lisiloonekana kwa jicho lilinyonya maji yale machafu pamoja na vijidudu vyake. Nyama ilipofika Aberdeen ikakatwa kwenye mashine ya dukani, na mashine ile ikaambukiza nyama nyingine. Kwa sababu hiyo nikinunua kopo nalishika kwa mikono miwili. Natazama mishono yake. Lililobonyea kwenye mshono silichukui, lenye kutu iliyochimba silichukui, na lililovimba silichukui hata nikipewa bure. Nikilifungua likatoa upepo wa kunuka nalitupa, na silionji kwa ulimi ili kuhakikisha. Mwaka juzi duka moja hapa mjini liliniuzia makopo ambayo tarehe yake ya mwisho ilibandikwa karatasi juu ya nyingine. Niliyarudisha, nikarudishiwa pesa bila ya maelezo. Namwomba kila mwenye duka asifanye hivyo, na asiyapange makopo mlangoni yakipigwa na jua kutwa.

Halafu liko suala la halali, nalo nalichukua kwa uzito wake. Jirani yangu haili nyama ya kopo kwa sababu hamjui aliyeichinja. Namheshimu kwa hilo, ni uchamungu. Ninachofanya mimi ni kusoma. Makopo mengi tunayoyapata siku hizi yanatoka Brazil, nchi inayouza nyama nyingi katika nchi za Kiislamu, na yaliyo halali yana alama na jina la taasisi iliyothibitisha. Lisilo na alama nalirudisha kwenye rafu. Wala msidanganyike na umbo, yapo makopo yanayofanana sana na haya ambayo ndani ni nyama ya nguruwe, au mchanganyiko. Maandishi yake ni madogo na ni ya lugha za watu. Hapa ndipo ninapoomba jambo kwa Wakala wa Chakula na Dawa na kwa wanaoingiza bidhaa: kila kopo linalouzwa Unguja na Pemba libandikwe karatasi ya Kiswahili, maneno machache tu, nyama ya nini, imetoka wapi, nani amethibitisha uchinjaji wake, na mwisho wake lini. Bibi wa Micheweni asiyejua Kiingereza ana haki ya kujua anachokipika.

Kuhusu afya sitasema mengi. Chumvi yake ni nyingi, na mwenye presha, kama mimi, asiifanye ya kila siku. Mwaka ule ule wa 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walizitaja nyama zilizosindikwa kuwa zinachangia saratani ya utumbo kwa anayezila kwa wingi na mara kwa mara. Mimi naila mara moja kwa mwezi, pengine mara mbili wakati wa kusi, na naila na kachumbari nyingi. Mama yangu hakuwahi kuila zaidi ya hivyo, kwa sababu hakuwa nayo.

Wageni wetu walirudi Unguja Jumapili. Jana walipiga simu, yule mwanamke wa rika langu mwenyewe, kusema kuwa watakuja tena mwisho wa mwezi kumalizia shughuli yao, na wataomba kufikia pale pale kwa mwanangu. Hakutaja habari ya chakula, na mimi sikuitaja. Mkaza mwanangu alitaka niagize kuku kutoka Chake Chake. Nimemwambia kuku atakuwepo akipatikana, na nyama ya kopo itapikwa vilevile, kwa embe bichi safari hii, iwekwe kwenye sinia moja na kuku, na mimi nitakaa nao mkekani nile nao. Makopo mawili yako kabatini. Nimeyatazama mishono na tarehe zake.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa upishi,
Limbani, Wete, Pemba